Ushauri: Kujifunza JavaScript kwenye terminali tu, bila kivinjari

mwanzo_mgumu: Wakuu, heshima kwenu. Nimeanza kujifunza JavaScript, lakini mashine yangu ni ya zamani, kivinjari kikifunguka tu inaganda. Nimesakinisha Node, programu ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari. Nikiandika `node` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) inaleta alama ya `>`, naandika humo mstari mmoja mmoja. Tatizo, nikiandika `let umri = 20` inanijibu `undefined`, na mifano yenye `document` inagoma kabisa. Niendelee au najipotezea muda?

nukta_mkato: Endelea mkuu. Hiyo `undefined` si kosa. Sheli, yaani hapo penye alama ya `>`, inasoma ulichoandika, inakitekeleza, inachapisha jibu, halafu inakusubiri. `let` haina jibu la kurudisha, basi. Andika `umri` peke yake uone 20. Andika `umri * 2` upate 40, na jibu hilo la mwisho utalikuta kwenye `_`.

fundi_usiku: `document` ni mali ya kivinjari, siyo ya lugha. Mwaka 2009 Ryan Dahl alichukua V8, injini ile ile inayoendesha JavaScript ndani ya Chrome, akaijengea Node juu yake. Kurasa na vitufe vikabaki kwenye kivinjari. Orodha, fanksheni, vitanzi, vyote unavyo. Tena unayo `fs` ya kusoma mafaili, na ukiwa humo kwenye sheli huhitaji hata kuiita kwa `require`.

mwanzo_mgumu: Shukrani sana. Na fanksheni ndefu je? Nikikosea mstari wa tatu naanza upya, inachosha.

nukta_mkato: Andika `.editor`, weka mistari yako yote, malizia na Ctrl+D. Ukiona umebonyeza Enter na hakuna jibu, mara nyingi kuna mabano hujafunga, `.break` itakutoa. Kazi ikinoga, `.save majaribio.js`, kesho `.load majaribio.js`.

mbishi_wa_kodi: Mimi sikubaliani na kukaa humo siku nzima. Ukishatangaza `const jina`, ukitaka kulitangaza tena inakwambia lipo tayari, mpaka utoke kwa `.exit` uingie upya. Programu andika kwenye faili, iendeshe kwa `node faili.js`. Sheli iachie maswali ya papo hapo. Mfano, kabla hujajaribu, bashiri `[10, 9, 1].sort()` italeta nini.

mwanzo_mgumu: 1, 9, 10, si ndiyo?

mbishi_wa_kodi: Jaribu kwanza 😀

mwanzo_mgumu: Duh! Imeleta `[ 1, 10, 9 ]`. Imekuwaje?

fundi_usiku: Usipoipa maelekezo, `sort` inalinganisha vitu kama maandishi, na "10" inaanza na 1, kwa hiyo inatangulia 9. Ipe fanksheni ya kulinganisha: `[10, 9, 1].sort((a, b) => a - b)`. Ukishaona inafanya kazi, geuza iwe `b - a`.