Apu za mikopo, kudaiwa elfu nne ni wizi tangu lini?

Nimekasirika, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa mapazia, Umoja. Nilikopa elfu nne kwa apu fulani ninunue kitambaa Eastleigh, mteja akachelewa kumalizia pesa, siku ya kulipa ikapita. Deni ni langu na sijawahi kulikana. Basi nipigieni mimi! Lakini wapi. Walipigia karibu kila jina lililo kwenye simu yangu: shemeji Kakamega, katibu wa chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, padri, mwalimu wa mtoto, hata "Mama Gesi", ambaye jina lake halisi nimelijua juzi alipokuja kuniuliza nimeiba nini.

Meseji ni moja kwa wote: "Mwambie huyu mwizi alipe leo. Amekuweka kama mdhamini." Uongo mara mbili katika mstari mmoja. Sikumweka mtu yeyote mdhamini, na aliyechelewesha deni ni mdaiwa.

Aliyeiandika anajua anachofanya. Angesema "anadaiwa", nani Nairobi hii hadaiwi? Kila duka la mtaani lina daftari. Lakini ukisema mwizi, wanachama wanaanza kuhesabu pesa upya. Katibu alinipigia kwa upole kweli kweli, akaniuliza kama niko sawa, halafu zamu yangu ya kupokea ikaahirishwa "hadi mambo yatulie". Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana, ningejibu. Mteja wa Donholm yeye alituma kijana achukue kitambaa chake hata pindo halijashonwa.

Na msiniambie niende polisi. Kosa la jinai la kuchafua jina Mahakama Kuu ililifuta Februari 2017, na kusema kweli naunga mkono, lilikuwa rungu la wenye nguvu. Imebaki kesi ya madai, nayo una miezi 12 tu ya kuifungua. Nikawaza Mahakama ya Madai Madogo, maana pale unajisimamia mwenyewe bila wakili. Kumbe sheria yake inakataza waziwazi kesi za kuchafuliwa jina! Mtu akikuvunjia kioo cha dirisha utasikizwa. Akikuvunjia jina, katafute pesa za wakili.

Si kwamba kanuni hazipo. Zile za Benki Kuu za 2022 zinawakataza hawa wakopeshaji wa kidijitali kusumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa, na vitisho na matusi pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka Kamishna wa Data amalize lalamiko ndani ya siku 90. Langu nimepeleka. Ila chama hakingoji siku 90 kuamua kama mimi ni mwizi, kilishaamua.

Deni lenyewe nimelipa, na riba juu. Katika wote waliopigiwa, hakuna hata mmoja aliyetumiwa meseji kwamba nimelipa. Hapo ndipo damu inanichemka.

Aliyewahi kupata fidia kupitia kwa Kamishna aandike hapa alipeleka ushahidi gani. Nina picha za skrini za watu wachache. Wengine walifuta meseji kwa kunionea aibu, na padri bado anamtafuta kijana wa kumwonyesha hiyo picha ya skrini inapigwaje.