Naomba ushauri: kununua nyumba kando ya njia ya kurukia ndege

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu.

Mimi na mume wangu tunaishi Florida, Marekani, na tunafikiria kununua nyumba katika mtaa wa marubani, mdogo kuliko ule maarufu wa Spruce Creek wenye njia ya kurukia ya futi 4,000, ila wa aina hiyohiyo, ambapo wenye nyumba wengi wana banda la ndege pembeni. Mume wangu ana ndege ya injini moja na ameshakata shauri. Mwenye mashaka ni mimi.

Tulipokwenda kuitazama nyumba, tulisimamisha gari kupisha ndege iliyokuwa ikitembea barabarani, bawa lake likipita juu ya masanduku ya barua, na mtoto wetu wa miaka 3 akapiga makofi. Mimi nilibaki na harufu ya mafuta, kwa kuwa petroli ya ndege ndogo nyingi bado ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Dalali nilipomuuliza alitabasamu tu. Nimesoma kanuni za chama cha wakazi, lakini zinataja ada ya mwaka bila kueleza gharama ya kuweka lami upya kwenye njia ya kurukia.

Kwa waliowahi kuishi mitaa hiyo: nyumba iwe umbali gani kutoka mahali marubani wanapopima injini kabla ya kuruka? Na kabla ya kutia saini, nidai hati ipi inayoonyesha fedha za akiba za kutengeneza njia hiyo?