Programu ileile, hela mara ya pili? Hii ni dhuluma

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Moshi, nasimamia kompyuta za chama cha wakulima wa kahawa, na leo nina hasira kwelikweli.

Mfumo wetu wa mizani na malipo tulitengenezewa na kampuni moja ya Arusha. Umeandikwa kwa lugha ya C++ na Qt (maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu), kwenye Windows 10. Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10, na mashine zetu ni za kitambo, hazina TPM 2.0, ile chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Kikao kikaamua tuhamie Linux. Kuwapigia jamaa, wanasema mfumo lazima uandikwe upya, na bei inakaribia ile ya mwanzo.

Uandikwe upya nini? Qt ilizaliwa miaka ya 1990 kwa kazi hiyohiyo: msimbo (source code) mmoja, unaukompaili, yaani unaugeuza kuwa programu, kwenye Windows, Linux, Mac. CMake, zana ya kuongozea ukompaili, ipo tangu 2000, kompaila ya GCC tangu 1987, zote bure. Na wao wenyewe walikompailia MinGW-w64, zana ya Windows, ambayo ndani yake ni GCC hiyohiyo! Kutumia zana huria si kosa, ndiyo maana zipo. Lakini usichukue cha bure halafu umwambie mkulima wa kihamba kwamba hakiwezekani.

Mkataba unasema tukabidhiwe msimbo. Tukapewa zipu yenye .cpp na .h tu, CMakeLists.txt yenye maelekezo ya CMake hakuna, toleo la Qt halijatajwa popote. Huko ni kukabidhi? Leseni ya programu huria ya GPL toleo la 2, ya 1991, inahesabu hata skripti za kuongozea kompaila kuwa ni sehemu ya msimbo. Miaka yote hiyo watu wanalijua hili.

Nikaandika CMakeLists.txt mwenyewe. Kompaila ikagoma kwenye Ripoti.h, kumbe faili linaitwa ripoti.h. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali. Nikarekebisha. Mbele kidogo nikakuta C:\Mizani\ imebandikwa ndani ya msimbo wakati Qt ina QStandardPaths ya kutafuta folda sahihi kwenye kila mfumo. Nayo nikarekebisha. Madirisha yote yanafunguka kwenye Linux sasa hivi, ripoti zinatoka.

Kilichobaki ni mizani. Sehemu inayosoma uzito wameificha kwenye .dll, faili lililokwisha kompailiwa kwa Windows, na msimbo wake hawataki kuutoa. QSerialPort ya Qt inasoma kifaa kilichochomekwa kwenye COM3 ya Windows na inasoma /dev/ttyUSB0 ya Linux, hakuna uchawi hapo. Wameifungia makusudi ili turudi kwao na hela.

Msimu unakaribia na uzito wa kahawa ya watu hauandikwi kwa kukisia. Aliyewahi kuibana kampuni kwa kipengele cha makabidhiano ya msimbo, alianzia wapi, barua ya madai au wakili moja kwa moja? Na aliyesoma mizani ya kidijitali kwa QSerialPort anitupie mfano, niiondoe hiyo .dll kabisa.