Nimepata nafasi katika warsha ya siku kumi ya uandishi wa sayansi: niende, na nijiandae vipi?

Mtafiti wa Nafaka

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mtafiti wa mazao baada ya mavuno, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu kubwa mkoani Dodoma imekuwa kukusanya sampuli za mahindi na karanga na kuzipima sumukuvu (aflatoksini), yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mazao. Ripoti zangu zinasomwa na watafiti wenzangu, lakini anayeanika mahindi juu ya udongo mtupu, anayeyanunua sokoni Kibaigwa na anayempikia mtoto uji wake, hao hawazioni kabisa. Nimejaribu kuandika makala za gazeti, na wahariri wawili wamenirudishia kwa maneno yanayokaribiana: jambo ni zito, ila msomaji hatafika aya ya tatu.

Sasa nimekubaliwa katika warsha itakayofanyika Arusha, ambako washiriki wote, wanasayansi na waandishi wa habari, watalala na kula mahali pamoja kwa siku kumi, kila mmoja akiwa na makala yake ya kufanyia kazi. Mafunzo na malazi ni juu ya waandaaji, nauli ni juu yangu, na itanibidi nichukue likizo bila malipo na kuwaacha watoto na bibi yao. Naomba ushauri wa waliopitia njia hii. Je, siku hizo kumi zinamfundisha mtu kitu ambacho hawezi kukipata kwa kusoma mwenyewe nyumbani? Na je, niende na makala iliyokamilika au na rasimu? Makala yangu inaanza kwa kueleza kuvu aina ya Aspergillus flavus ni nini na hukua katika joto na unyevu wa kiasi gani.

Mhariri wa Zamu

Dada mtafiti, hongera kwa nafasi hiyo. Nimehariri makala za afya na kilimo kwa muda mrefu, kwa hiyo nianzie pale ulipoishia, kwenye aya yako ya kwanza. Wewe unaanza na kuvu kwa sababu ndivyo mada inavyofundishwa darasani, lakini msomaji wa gazeti hana mtihani wa kuvu. Ana gunia ndani, na anataka kujua kama lina hatari. Historia ya sumu hii ina milango mingi mizuri ya kuingilia. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, mpaka wachunguzi walipofuatilia chakula chao na kukuta mashudu ya karanga kutoka Brazil. Mwaka 2004, hapa jirani Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu. Mimi ningeingilia Makueni, kwa kuwa nyumba za huko na ghala zake msomaji wa Kongwa anazitambua. Kuvu aje katika aya ya nne, wakati msomaji mwenyewe ameshaanza kujiuliza ni kitu gani kiliwaua wale watu.

Kuhusu swali la kwanza, nenda. Chumba cha habari hakina nafasi ya kukufundisha. Mimi mwenyewe, saa kumi na moja jioni, nafuta aya zako tatu na kupeleka ukurasa mtamboni, nawe unaona kesho yake kwamba zimeondoka bila kujua kwa nini. Katika warsha anayefuta anakaa mbele yako na analazimika kutoa sababu.

Nilipitia Huko

Nilishiriki warsha ya namna hiyo nikiwa mtangazaji wa redio, na ninakubaliana na mhariri, ila niongeze kuhusu hayo makazi ya pamoja, kwa sababu wengi hudhani ni suala la malazi tu. Asubuhi makala ya mtu mmoja ilisomwa kwa sauti mbele ya wote, na kanuni yetu ilikuwa kwamba mwandishi hasemi neno mpaka wasomaji wamalize. Kanuni hiyo ni ngumu kwa mwanasayansi, maana kila mahali msomaji anapokwama, yeye ana maelezo mdomoni, na maelezo hayo ndiyo yaliyotakiwa kuwa kwenye karatasi. Jioni unaandika upya, na kwa kuwa hakuna anayekwenda nyumbani, baada ya chakula unamwomba mwenzako asome aya moja tu. Makala inaweza kugeuzwa mara nne kabla ya siku ya kuondoka. Nyumbani, mtu huyohuyo angekujibu baada ya wiki mbili kwamba kazi yako ni nzuri.

Kwa hiyo usiende na makala iliyokamilika, kwa sababu utaitetea. Nenda na rasimu, pamoja na kila kilichobaki nje yake: daftari la shambani, picha za maghala, maneno ya wakulima kama walivyoyasema.

Nikupe mfano wa kazi utakayokutana nayo. Kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa katika mahindi ndani ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Hakuna mnunuzi wa Kibaigwa atakayeiona namba hiyo akilini. Ukimwambia kwamba ni kama uzito wa punje moja ya mahindi katika shehena ya tani 30, ataiona mara moja. Lakini hapo mwanasayansi aliyeko mezani atakuzuia, na atakuwa na haki, kwa sababu mfano huo unaficha jambo kubwa: sumu haijasambaa sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, ndiyo maana sampuli mbili za shehena moja hutoa majibu tofauti. Basi mtakaa mkitafuta sentensi ya pili itakayorekebisha ya kwanza bila kuiua. Sijui mahali pengine ambapo watu wanaosomea fani mbili hukaa usiku kucha juu ya sentensi moja, na kwangu hiyo ndiyo thamani ya kulala hapohapo.

Takwimu za Pwani

Natofautiana kidogo na waliotangulia. Kama likizo bila malipo itakuingiza kwenye deni, warsha si njia pekee. Watu watatu wanaokutana kila Jumamosi na kusomeana kwa ukali wanaweza kufika mbali, mradi mmoja wao asiwe wa fani yako. Tusisahau pia kwamba Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba aliyeona mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule uliopoa, alisimulia jambo lake mwenyewe katika makala aliyochapisha na Denis Osborne mwaka 1969, kuanzia jikoni hadi darasani alikobezwa, na simulizi hiyo inasomeka vizuri mpaka leo. Na kwa kuwa tumemtaja, anayemwandika sasa anawajibika kueleza pia kwamba mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walichapisha vipimo ambavyo havikuthibitisha jambo hilo. Kuacha sehemu hiyo kwa sababu tunampenda Mpemba si haki kwa msomaji.

Hapo ndipo ninapotaka makala yako iwe imara. Kwamba sumukuvu husababisha saratani ya ini, na kwamba hatari huongezeka sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, hilo limethibitika. Uhusiano wake na udumavu wa watoto umeonekana katika tafiti kadhaa, lakini mambo mawili kuonekana pamoja hakutoshi kusema kwamba moja limeleta jingine. Sentensi zako mbili zisibebe uzito mmoja. Hata zile namba za Kenya, 125 kati ya 317, ni za wagonjwa waliojulikana, si za wote waliokula mahindi yale.

Jambo la mwisho: uliza nani anaigharamia warsha. Tangu mwaka 2018 Tanzania ina bidhaa iliyosajiliwa ya kudhibiti kuvu shambani, inayotumia kuvu wasio na sumu kuwazidi nguvu wenye sumu. Ni sayansi nzuri, lakini kama mfadhili anauza bidhaa ya aina hiyo, inafaa ujue kabla hujaiandika.

Mtafiti wa Nafaka

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Deni halitakuwepo, na mama mkwe ameshakubali kubaki na watoto, kwa hiyo nimeamua kwenda. Nitauliza kuhusu mfadhili leo hii. Limebaki moja linalonisumbua. Sehemu ya matokeo ninayotaka kuyatumia haijachapishwa, na baadhi ya kaya nilizopima zinajulikana kijijini. Naweza kuyasoma mbele ya watu ambao miongoni mwao wamo waandishi wa habari?

Mhariri wa Zamu

Bila idhini ya watafiti wenzako, hapana. Waandikie kabla ya kusafiri, uwaeleze ni sehemu gani utaisoma na nani watakuwemo chumbani, na uwaombe waandaaji watangaze siku ya kwanza kwamba rasimu hazitoki nje. Majina ya kaya na ya kitongoji yaondolewe tangu kwenye rasimu, usisubiri makala ya mwisho, kwa sababu karatasi za warsha husahaulika mezani. Wale watu walikupa mahindi yao kwa ajili ya kipimo, hawakukubali kuandikwa gazetini.

Nilipitia Huko

Nakubaliana na mhariri. Kama muda upo kabla ya safari, nenda Kibaigwa siku ya soko, umsomee mnunuzi mmoja wa mahindi ukurasa wa kwanza, uweke alama kila mahali atakapokukatisha kwa swali. Nenda Arusha na ukurasa huo wenye alama.