Naomba ushauri: nimepata kazi ya ualimu Tokelau

Habari zenu wakuu. Naishi Auckland, New Zealand, na mke wangu na mtoto wa miaka 4. Nimepata nafasi ya kufundisha Nukunonu, mojawapo ya visiwa vitatu vya matumbawe vya Tokelau, eneo dogo lililo chini ya New Zealand katika Bahari ya Pasifiki. Uwanja wa ndege hakuna. Unapanda meli Apia, Samoa, na kukaa baharini zaidi ya siku nzima. Hilo ndilo linalomtisha mke wangu, kwa sababu mtoto ana pumu.

Mimi moyo umeshakwenda. Kule wana utaratibu unaoitwa inati: samaki waliovuliwa kwa ajili ya kijiji hupangwa chini mafungu mafungu, kila kaya ikapata kulingana na idadi ya watu wake, wakiwemo wazee wasioweza kuvua tena. Natamani mwanangu akue akiona hivyo.

Waliowahi kuishi visiwa vidogo vya mbali, nisaidieni. Dawa za pumu mlibeba za miezi mingapi? Maji ya kunywa ni ya mvua, mlimchemshia mtoto? Na je, nitangulie peke yangu kwanza, au twende wote?