Mchoro mmoja, awamu nyingi: nyeupe inabanduka na karatasi inajikunja

Gangilonga_Mchoraji (Iringa):
Habari zenu wakuu. Nina mchoro wa A2 wa nguzo za mawe za Isimila, kwenye manila nene. Chini ni mkaa, juu yake wino mweusi, vivuli ni kahawa nzito, na penye mwanga kuna pasteli za mafuta (vijiti vya rangi yenye mafuta). Nataka uendelee kubadilika kwenye karatasi hiyo hiyo: nguzo ziwe majengo, majengo yawe sura ya mtu. Sasa rangi nyeupe ya akriliki niliyopaka kufunika umbo la zamani inabanduka penye pasteli, kwingine imekuwa kijivu, na pembe za karatasi zimenyanyuka. Nianze na lipi?

Mkaa_na_Wino (Mbeya):
Anza na pasteli, maana hiyo ndiyo itakayoharibu kila kinachofuata. Mafuta yake hayakauki kama rangi ya mafuta ya kwenye mkebe, kwa hiyo akriliki, ambayo ni ya maji, haipati pa kushika. Kwarua taratibu kwa kadi ya plastiki au mgongo wa kisu, futa kwa kitambaa kikavu, ukiacha doa lililozama tu. Usitie tapentaini, itayeyusha mafuta na kuyasambaza ndani ya karatasi. Kisha pitisha koti jembamba la shelaki, ile vanishi ya maseremala, iliyozimuliwa kwa spiriti nusu kwa nusu. Hilo ndilo ukuta kati ya mafuta na maji. Litaleta umanjano kidogo, na kwa mawe ya Isimila hilo halina ubaya. Ila kama kuna mistari ya kalamu ya biki, spiriti itaiyeyusha, basi jaribu pembeni kwanza.

Kijivu ni mkaa uliokuwa huru. Brashi yenye maji inauokota na kuuchanganya na nyeupe. Kung'uta vumbi, halafu nyunyiza gundi nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 10, chupa ikiwa umbali wa sentimita 30 hivi. Makoti mawili mepesi, kila moja likauke. Ukinyunyiza kwa karibu, matone yanasukuma mkaa na kuacha madoa ya duara.

Baada ya hapo, usipake nyeupe kila mahali! Paka palipo na umbo jipya tu, tena nyembamba, ili nguzo ya zamani ionekane chini ya ukuta wa jengo. Ukifunika yote, hapo umeanza mchoro mwingine. William Kentridge wa Afrika Kusini amejenga filamu nzima kwa njia hiyo: anachora kwa mkaa, anapiga picha, anafuta sehemu, anachora tena, na alama za ufutaji zinabaki.

Baridi_ya_Njombe:
Karatasi inajikunja kwa sababu unailowesha upande mmoja tu. Ibandike kwenye plaiwudi ya milimita 6. Ubao upake kwanza gundi iliyozimuliwa pande zote mbili, ukauke. Lowesha mgongo wa karatasi kidogo kwa sponji, ubao upake gundi sehemu 3 kwa maji 1, kisha sukuma kutoka katikati kwenda pembeni, juu ukiwa umetandika nailoni safi. Weka uzito kwa saa 24.

Na hali ya hewa: Juni na Julai huku kwetu usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na hapo akriliki haiungani vizuri, inabaki dhaifu au inapasuka. Paka asubuhi jua likishapanda, ikauke ndani.

Mkasi_Mafinga:
Mimi nisingebandika mapema. Karatasi ikishashika ubao huwezi kuikata tena, na kukata ndiko kunakobadilisha umbo kweli. Piga picha kwanza. Upana wa A2 ni sentimita 42, hivyo vipande vya sentimita 6 ni 7 kamili. Vikate kwa wembe na rula ya chuma, visogeze kimoja juu kimoja chini kwa sentimita 3, uone. Nguzo zinavunjika na kuwa madirisha zenyewe. Bandika kwenye plaiwudi ukisharidhika na mpangilio.

Gangilonga_Mchoraji:
Asanteni sana. Je, mistari ya nguzo naweza kuirudisha juu ya vipande kwa fotokopi?

Mkaa_na_Wino:
Unaweza, ila iwe fotokopi ya tona, yaani wino wa unga. Ya wino wa maji itachuja. Igeuze kwanza kama kwenye kioo, la sivyo itatoka kinyume. Paka akriliki isiyo na rangi, laza fotokopi kifudifudi, sukuma hewa yote itoke, acha usiku mzima. Kesho yake lowesha mgongo na usugue kwa kidole, karatasi itoke kwa nyuzinyuzi. Penye kiputo cha hewa patabaki tupu. Hapo chora kwa mkono. Ukungu mweupe ukirudi baada ya kukauka, bado kuna nyuzi; lowesha tena, sugua polepole. Na pasteli iwe ya mwisho kabisa.