Aya saba kuhusu bajeti ya Pentagon, naambiwa "dogo, kalale"!

Wakuu, nina hasira mpaka simu inatetemeka mkononi. Simtaji. Wote mnamjua, yule mchambuzi wa vita zote duniani, hata walevi wakizichapa Manzese atawaletea ramani yenye mishale.

Kaleta uzi eti Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikikatiwa bajeti, silaha bora zinabaki na mbovu zinafutwa. Mimi kwa adabu zangu zote, na shikamoo juu, nikamwandikia aya saba. Aya ya nne nimeiandika nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, konda ananidai nauli. Nikamwambia, mkuu, kinachookoa ndege ni kiwanda kiko jimboni kwa nani. Ndege ya kivita F-35, vipuri vyake vinatengenezwa kwenye majimbo zaidi ya 40 ya Marekani, mbunge gani ataifuta halafu arudi kuomba kura? F-22 ni moto wa kuotea mbali, lakini mwaka 2009 Gates, akiwa Waziri wa Ulinzi, aliikomesha kwenye ndege 187. Ubora uliisaidia nini?

Jibu lake lote hili hapa: "Dogo, kalale."

Saa tisa mchana! Dogo nani? Mimi nina kipara na mtoto wa darasa la sita! Maneno mawili kwa aya saba, hata kila aya haikupata neno lake!

Angekuwa na hoja angenijibu kuhusu Zumwalt, meli za kivita za Marekani. Zilipangwa manowari 32, zikaundwa 3. Zikafungwa mizinga mikubwa, halafu bei ya kombora moja la mizinga hiyo ikapaa mpaka kama dola 800,000, wakaacha kuyanunua. Manowari ya mabilioni, mizinga haina cha kufyatua! Na zote 3 bado zipo, mizinga inang'olewa kupisha makombora mengine. Hiyo ndiyo bora iliyobaki? Na A-10 je, ndege ya kushambulia ardhini, ambayo jeshi la anga lenyewe liliomba miaka nenda rudi liistaafishe, Kongresi ikawa inagoma?

Kalale. Na mliomgongea laiki mnajijua.

---

Kobe_Mwendokasi: Mkuu, swali moja tu. Ulilala?

Mtu Baki: Povu hili linafua mashuka ya hospitali nzima.

Bint Pangani: Mleta uzi una hoja ila umeacha mikataba. Uingereza mwaka 2010 walipobana matumizi, Cameron, waziri mkuu wao, aliliambia Bunge kwamba kuifuta manowari ya pili ya kubeba ndege kungekula hela nyingi kuliko kuimalizia. Ikapona kwa sababu hiyo tu! Ndege za kivita za Harrier zikaondolewa, na Nimrod mpya, ambazo hata kazi hazijaanza, zikakatwakatwa vipande. Ndege za kuwinda nyambizi, na nchi yenyewe kisiwa. Baadaye wakaenda Marekani kununua ndege tisa za P-8 za kazi hiyo hiyo.

Mleta uzi: Asante sana dada. Mnaona watu wanavyojadili? Yeye angekwambia ukalale.

Chuma_cha_Doria: Tusimwonee mzee wa watu. USS Sioux City, meli ya kivita ya Marekani, imeingia kazini Novemba 2018, imestaafishwa Agosti 2023, na ilitakiwa ipige kazi miaka 25. Mbovu imefutwa, si ndivyo alivyosema?

Mleta uzi: Malizia habari ndugu yangu. Jeshi la majini liliomba kustaafisha tisa za aina hiyo kwa mkupuo, Kongresi ikaruhusu nne. Tano zimeokolewa na wabunge! Hii nilimweleza aya ya sita, aya ya SITA, akaniambia...

Kobe_Mwendokasi: Kumbe hujalala bado.

Mama Wawili: Nyie mnalia meli ya miaka mitano? Njooni mpande pantoni la huku kwetu. Juzi limezima katikati ya maji, nina ndoo mbili za samaki na barafu inayeyuka. Fundi kaja na spana moja na sigara.

Mtu Baki: Afadhali wewe uko kwenye maji. Mimi bando la wiki limekata siku ya pili na sijafungua hata video. Nikipiga simu naambiwa nibonyeze moja, nikibonyeza moja unapigwa muziki.

Chuma_cha_Doria: Bando usiseme kabisa. Langu linaisha simu ikiwa imezimwa.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada jamani. A-10...

Bint Pangani: Mama Wawili, samaki gani hao?

Mama Wawili: Changu na vibua. Wamebaki kidogo, njoo kabla ya magharibi nikupe bei ya kutupa.

Mtu Baki: Mods mko wapi? Watu wanauza samaki waliooza kwenye jukwaa la kijeshi!

Mama Wawili: Sijasema wameoza wote.